Maswali ya Wasomaji: Sikumwambia Kwamba Mazoezi Yamesogezwa

Barua nne kati ya zilizotufikia tangu toleo lililopita zinauliza jambo moja kwa njia tofauti, ingawa waandishi wake hawajuani: moyo wa Mkristo una uhusiano gani na yale anayoyatenda kwa mikono yake, au anayoacha kuyatenda? Nimezifupisha kidogo, na majina nimeyaacha.

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nina miaka tisa katika kwaya ya usharika wetu, sauti ya kwanza. Mwaka jana alihamia kwetu dada mmoja mwenye sauti nzuri kuliko yangu, na siku hizi nyimbo nyingi anaanzisha yeye. Alhamisi moja mwezi uliopita, baada ya ibada, mwalimu wa kwaya alitangaza kwamba mazoezi ya Jumamosi yamesogezwa kutoka saa kumi hadi saa nane, akaomba tuwajulishe majirani ambao hawakuwapo. Huyo dada hakuwapo, mtoto wake alikuwa na homa, na jirani yake ni mimi. Ijumaa asubuhi nilikutana naye bombani, tukasalimiana, nikamuuliza hali ya mtoto, tukaagana. Sikumwambia. Jumamosi alifika tukiwa tunafunga kwa sala, akatozwa faini ya shilingi 2,000, na wimbo wa Jumapili nikaanzisha mimi. Sikusema uongo wowote, na hakuna anayejua. Ninatoa zaka, ninafunga, sina ugomvi na mtu. Je, jambo dogo kama hili lina maana gani juu ya moyo wangu? *Mama wa kwaya, Iringa.*

Jibu: Amina, mama, na asante kwa kuandika jambo ambalo hakuna aliyekulazimisha kuliandika. Umejitetea kwa kusema kwamba hukusema uongo, na ni kweli. Lakini Yakobo 4:17 inamzungumzia mtu asiyesema uongo wala asiyeiba, ambaye alijua kutenda mema na hakuyatenda, na inasema kwake huyo ni dhambi. Kwa hiyo sehemu hiyo ya swali lako haihitaji maneno mengi. Inayohitaji maneno ni ile ya moyo.

Katika Kiswahili chetu cha kila siku moyo ni mahali pa kupenda, kutamani na kuumia, na akili tumeiweka kichwani. Waebrania hawakugawa hivyo. Neno lao, *lev*, lilibeba pia kufikiri, kukumbuka na kukata shauri, kiasi kwamba pale Biblia yetu inaposema katika Mithali 6:32 kwamba mzinzi hana akili kabisa, Kiebrania chenyewe kinasema amepungukiwa moyo. Sulemani naye, alipoomba kipawa cha kuwaamua watu (1 Wafalme 3:9), aliomba kwa maneno ya lugha yake moyo unaosikia. Basi Mithali 4:23 inapotuagiza kulinda moyo kuliko yote tuyalindayo, kwa maana ndiko zitokako chemchemi za uzima, haituagizi tu kuchunga hisia zetu zisichafuke. Inazungumzia chumba kile cha ndani ambamo mtu hupima mambo na kuamua kabla hajanyosha mkono wala kufungua kinywa.

Ndani ya chumba hicho, mama, ulikaa tangu Alhamisi jioni mpaka Jumamosi saa nane. Hukusahau, kwa sababu mtu aliyesahau asingekumbuka kwamba walikutana bombani. Pale bombani neno lilikuwa limekwisha kufika ulimini, ukaliuliza moyoni kama litoke, na moyo ukasema libaki. Tumezoea kulisoma andiko la Luka 6:45, kwamba kinywa hunena yale yaujazayo moyo, kama onyo kwa wasengenyaji na watukanaji. Yanayoujaza moyo yanaweza pia kukifunga kinywa, na mara nyingi hapo ndipo tunapowashinda hata wachungaji wetu, kwa sababu hakuna anayeweza kutukemea kwa neno ambalo hatukulisema.

Tazama jambo la Sauli, maana naye lilimpata kwa njia ya wimbo. Wanawake walitoka katika miji ya Israeli wakicheza na kuimba kwamba Sauli amewaua elfu zake na Daudi makumi elfu yake (1 Samweli 18:7). Wimbo ule haukumpunguzia Sauli kiti, wala jeshi, wala shamba. Alibaki mfalme kama alivyokuwa asubuhi ile. Lakini tangu siku hiyo akaanza kumtazama Daudi kwa jicho jingine, na siku ya pili yake, Daudi akiwa anampigia kinubi kama kawaida, mkuki ukatoka mkononi mwa mfalme ukielekea ukutani alipokuwa Daudi. Tukimuuliza mtu yeyote ni lini Sauli alianza kumuua Daudi, atataja mkuki. Mwandishi wa kitabu anatuonyesha kwamba ulianza jana yake, wimbo ulipofika sikioni na mtu akaanza kuhesabu.

Sikusema kwamba umemrushia mwenzako mkuki. Nasema tu kwamba shilingi 2,000 za faini na aibu ya kuingia watu wanapofumba macho kwa sala ya mwisho ni matendo, hata kama hayana alama ya kidole chako. Yesu, baada ya kuwajibu Mafarisayo na waandishi waliolalamikia mikono isiyonawiwa ya wanafunzi wake, aliwaorodheshea wanafunzi hao yatokayo moyoni mwa mtu: uuaji, uzinzi, wivi na mengine (Marko 7:21-22), na ndani ya orodha hiyo limo neno dogo, kijicho. Kigiriki kinaliita jicho ovu. Wewe na mimi tungeliweka pembeni kabisa, mbali na wauaji, lakini yeye aliyataja kwa pumzi moja.

Nikiri langu, ili usidhani nakuandikia kutoka mlimani. Nilipokuwa mwinjilisti kijana nilikuwa nikitazama saa yangu ya mkononi kila mwenzangu alipopanda kuhubiri, nikihesabu dakika alizozidisha. Zamu yangu ilipofika, saa hiyo hiyo nilikuwa naivua na kuitia mfukoni. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu kabla sijajiona, na sikuonyeshwa na maombi ya kufunga siku arobaini bali na mtoto wangu aliyeniuliza kwa nini naivua.

Sasa ufanye nini? Mungu alizungumza na Kaini wakati Habili angali hai. Alimuuliza kwa nini uso wake umekunjamana, akamwambia kwamba dhambi inamwotea mlangoni na kwamba yampasa aishinde (Mwanzo 4:6-7). Nawe uko katika hatua hiyo, na barua yako ni dalili njema, kwa maana moyo uliokufa hauandiki barua. Nenda kwake nyumbani, si kanisani, umwambie kwa sentensi chache kwamba siku ile bombani ulijua saa mpya na hukumwambia, kisha umrudishie fedha ya faini. Mweleze mwalimu wa kwaya pia, ili jina la mwenzako lifutwe katika daftari la waliochelewa. Zakayo alitaja kurudisha mara nne. Wewe hata ukirudisha mara moja, rudisha.

Jambo moja la tahadhari. Katika Afrika Mashariki tuna urithi mkubwa wa uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 na 1940. Ndugu wa uamsho walifundisha kutembea nuruni, yaani kukiri waziwazi, na watu wengi walirudisha mali walizoiba. Naushukuru urithi huo. Hata hivyo nimeona pia watu wakisimama mbele ya mkutano na kusema, "Dada fulani, nilikuwa nakuonea wivu kwa sababu ya sauti yako," na dada fulani akaondoka na mzigo ambao hakuwa nao alipoingia. Kijicho chenyewe mpelekee Mungu, na kwa mwenzako peleka kile ulichomnyima.

Swali: Pasta, salamu kutoka Nairobi. Mama ya mtoto wangu ananisema kwa watu kwamba mimi si Mkristo kwa sababu sijatuma pesa ya mtoto tangu Januari. Kazi ninayo, ila mipango imekuwa mingi. Lakini Mungu anaujua moyo wangu, nampenda mtoto wangu sana. Si imeandikwa kwamba wanadamu hutazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo? *Baba wa mmoja, Nairobi.*

Jibu: Imeandikwa, ndugu, katika 1 Samweli 16:7. Samweli alikuwa nyumbani kwa Yese akimtazama Eliabu, kijana mrefu mwenye umbo la kifalme, na Mungu akamkataza asidanganywe na urefu wake. Andiko hilo linamwonya mtu anayeonekana vizuri kwa nje. Hakuna mahali ambapo Mungu anamwambia mtu ambaye matendo yake yamepungua kwamba asijali kwa kuwa ndani yake mna moyo mzuri uliofichika.

Wenzako katika hoja hii ni wale ambao Yesu aliwakuta wakitumia neno Korbani (Marko 7:11). Mtu alikuwa akiwaambia wazazi wake kwamba fedha ambayo ingewasaidia imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa neno hilo takatifu wazee wakabaki na njaa. Wewe umewaweka wakfu upendo na mipango yako, na mtoto anasubiri unga. Yohana anauliza kwa lugha isiyokwepeka: mtu mwenye riziki ya dunia akimwona ndugu yake ni mhitaji, akamzuilia huruma zake, upendo wa Mungu wakaaje ndani yake? (1 Yohana 3:17). Kama kazi unayo, huhitaji mchungaji akuchunguzie moyo. Fungua simu yako uangalie fedha za mwezi huu zilikwenda kwa nani na kwa nani. Hayo ndiyo maandishi ya moyo wako, na nina hakika umeshayasoma kabla ya kuniandikia.

Swali: Mchungaji, katika kabati la kanisa letu nimekuta zile picha za zamani za moyo wenye wanyama ndani yake. Je, bado zinafaa kwa watoto wa shule ya Jumapili? *Mwalimu, Machakos.*

Jibu: Wazee wengi wa kanisa watatabasamu wakisoma swali hili. Tausi alikuwa kiburi, mbuzi uasherati, nguruwe ulafi, kobe uvivu, chui hasira, nyoka husuda, na chura tamaa ya mali. Michoro hiyo ilichapwa kwanza Ulaya, ikafika huku na wamisionari, na wako watu wazima ambao mpaka leo wakimwona kobe barabarani wanakumbuka ratiba yao ya asubuhi.

Zitumie, ila kwa uangalifu katika mambo mawili. Kwanza, mtoto anaweza kudhani dhambi ni mnyama wa porini aliyeingia kwa kuvizia, wakati Yesu katika Marko 7 anasema mambo haya hutoka ndani. Pili, picha ya wanyama wakifukuzwa ni nzuri, lakini moyo uliofagiwa na kubaki mtupu una hatari yake, kama ile nyumba ya Mathayo 12:43-45 ambayo pepo alirudi na wenzake saba. Waonyeshe basi na Ezekieli 36:26, ambapo Mungu haahidi kusafisha moyo wa jiwe bali kuutoa na kutia wa nyama. Watoto wakishika jiwe kwa mkono mmoja na kipande cha nyama mbichi kwa mwingine wataelewa haraka kuliko kwa maelezo yangu. Waambie wazazi mapema, kwa sababu ya nguo za Jumapili.

Swali: Shalom, baba Mchungaji. Kaka yangu aliuza sehemu ya shamba la marehemu baba bila kutushirikisha, na shauri liko mbele ya baraza. Sasa ameugua figo, na ukoo umekaa na kupanga mchango wa matibabu. Mimi nimepangiwa shilingi 150,000. Fedha ninayo, lakini moyo umefunga kabisa. Paulo anasema Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu, wala si kwa huzuni wala kwa lazima. Nikitoa huku nimenuna, si nitakuwa mnafiki? Nimeona heri nisubiri mpaka moyo ufunguke. *Mdogo mtu, Kagera.*

Jibu: Shalom, ndugu yangu. Pole kwa shamba, na pole kwa ugonjwa wa kaka. Unachosema juu ya 2 Wakorintho 9:7 nimekisikia mara nyingi, na kila mara anayekinukuu ni yule ambaye fedha bado iko mfukoni mwake. Paulo alikuwa anawaandikia watu wa Korintho juu ya mchango wa waamini wa Yerusalemu ambao walikuwa wameahidi wenyewe na wakachelewa kuutimiza. Alitaka watoe kwa furaha. Hakuwapa ruhusa ya kukaa na mchango mpaka furaha itakapowatembelea.

Torati ina amri moja ambayo naipenda kwa sababu haimsubirishi mtu. Kutoka 23:5 inasema ukimwona punda wa mtu akuchukiaye amelala chini ya mzigo wake, usimwache, sharti umsaidie kumwinua. Mungu hasemi kwanza umpende mwenye punda. Anajua kwamba punda hawezi kulala pale mpaka wanaume wawili wapatane, na pengine anajua pia kwamba watu wawili walioinama upande huu na upande huu wa mzigo mmoja, wakihesabu pamoja ili wanyanyue, hawataweza kuchukiana kwa namna ile ile waliyochukiana asubuhi.

Hapa nataka kusema jambo ambalo wahubiri wengi, na mimi nikiwa mmoja wao, tumelihubiri upande mmoja tu. Ni kweli matendo hutoka moyoni, kama nilivyomwandikia mama wa Iringa. Lakini Mathayo 6:21 inasema hazina yako ilipo ndipo utakapokuwapo na moyo wako, na mpangilio wa maneno hayo ni wa makusudi. Hazina inatangulia, moyo unaifuata. Mtu akinunua mbuzi mmoja katika kijiji ambacho hakukijali, kesho ataanza kuulizia kama mvua imenyesha huko. Ukipeleka shilingi 150,000 katika figo za kaka yako, sitashangaa ukijikuta wiki ijayo unauliza majibu ya vipimo.

Kuhusu unafiki, neno hilo kwa Kigiriki lilimtaja mwigizaji wa jukwaani. Mnafiki ni yule anayetoa ili watazamaji wadhani moyo wake uko mahali ambapo haupo. Wewe ukimwambia Mungu chumbani, "Ninatoa, na nina hasira naye, na shamba linaniuma," huigizi mbele ya mtu. Yesu alisimulia juu ya mwana aliyemjibu baba yake kwa ukali, "Sitaki," kisha akaenda shambani (Mathayo 21:28-31), na akauliza ni yupi kati ya wale wawili aliyefanya mapenzi ya baba. Huyo aliyenuna ndiye aliyesifiwa.

Kwa kuwa unaishi Kagera, huenda wazee wako wanamkumbuka Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ng'ambo ya mpaka huko Uganda, naye akiwa mmoja wa matunda ya ule uamsho. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere na mkewe Mera walivuka milima usiku kuingia Rwanda ili kuokoa maisha yao. Baadaye alisimulia kwamba katika ibada ya Ijumaa Kuu jijini London mwaka huo huo, alipoyasikia maneno ya Yesu msalabani, "Baba, uwasamehe," alitambua kwamba uchungu aliokuwa nao juu ya Amin ulikuwa unamkausha yeye mwenyewe, na huduma yake ikikauka naye. Akaamua kumsamehe. Angalia kwamba hakupanda ndege siku ya pili kurudi Kampala, wala hakusema kwamba mauaji yalikuwa halali. Alirudi nyumbani baada ya Amin kuondolewa mwaka 1979. Alichokifungua ni moyo wake, na mlango wa hatari akauacha umefungwa.

Basi nawe huna haja ya kuondoa shauri lako barazani. Shamba la marehemu lina warithi wengine, huenda wamo wajane na watoto, na haki yao si mali yako uisamehe peke yako. Nenda barazani siku ya kuitwa, na nyaraka zako mkononi, useme kweli bila kutia chumvi. Mchango upeleke wiki hii, wote au nusu yake kama yote ni mazito, na usiutume kwa mkono wa shangazi. Upeleke mwenyewe mpaka wodini, hata kama utakaa dakika tano na mazungumzo yenu yakaishia kwenye chakula cha hospitali. Shamba msilitaje siku hiyo. Akikuuliza kwa nini umekuja, mwambie ukoo umekupangia. Ni jibu la kweli, na kwa leo linatosha.